Chumba cha Viumbe: shajara ya kutengeneza meza nne za baiolojia, Tanga

Chumba chenyewe ni stoo ya zamani ya shule moja ya sekondari hapa Tanga: hatua kumi kwa nane, madirisha matatu, soketi moja inayofanya kazi. Tumeachiwa tukifanye chumba cha maonyesho ya viumbe, kwa sharti kwamba tusidai mwalimu wa zamu wala kuongeza bili ya umeme. Mimi nafundisha baiolojia. Fundi ni seremala jirani, mtu wa Pangani, anayechukua nusu ya malipo kwa fedha na nusu kwa kunicheka. Kila kionyesho tunakiita meza, hata kama hakina meza. Naandika kila hatua inapokwisha, ili mwenye chumba na nia kama yetu asilipe mara ya pili makosa tuliyokwisha kuyalipia. Bei ni shilingi, kama tulivyotoa dukani.

Jumamosi, 11 Januari 2025. Kitufe

Nilitaka silikanti awe wa kwanza, maana ni samaki wa kwetu. Wa kwanza kuandikwa Tanzania alipatikana Songo Mnara, Kilwa, mwaka 2003. Haukupita muda majarife ya papa hapa Tanga nayo yakaanza kuwatoa mmoja baada ya mwingine, hata mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari yenye jina lake. Nikanunua bodi ya sauti, spika na kitufe chekundu, nikarekodi maelezo ya dakika mbili kwa sauti yangu ya darasani, nikabandika picha kubwa ukutani. 85,000.

Jumamosi, 25 Januari. Kitufe kimekufa

Kila mtoto anabonyeza. Hakuna anayesikiliza. Mmoja akibonyeza, wa nyuma yake anabonyeza kabla sentensi haijaisha, sauti inaanza upya: "Silikanti ni sa... Silikanti ni sa..." Wiki nzima shule imeniita Mwalimu Silikantinisa. Siku ya tisa kitufe kiling'ang'ania ndani. Muuzaji akasema kitufe hakina garantii, bodi ndiyo yenye garantii, na bodi haijaharibika.

Nilikaa na Fundi tukatazama lile boksi. Swali lake ndilo lililobadilisha kazi yote: "Sasa huyo samaki ana kitufe?" Hana. Mkono wa mtoto ulikuwa unafanya jambo ambalo halipo katika maisha ya silikanti hata kidogo; ungeweza kuwa unaita lifti. Tumekubaliana kwamba kuanzia sasa, kile mkono unachofanya mezani kiwe ndicho kiumbe anachofanya, au kiwe kipimo chake. Kikishindikana hicho, meza haijengwi.

Jumamosi, 8 Februari. Mfupa

Tukaanza na rahisi. Plaiwudi moja, futi nne kwa nane, na juu yake tukachora kwa ukubwa halisi mfupa mmoja wa mjusi mkubwa wa kale (dinosaria) wa Tendaguru, kule Lindi. Mfupa huo una urefu wa meta 2.13, kwa hiyo unaingia kwenye plaiwudi kamili, unabaki upenyo wa kiganja juu na chini. Fundi aliukata kwa nusu saa. Plaiwudi ya milimita tisa 38,000, rangi 12,000, mbao za miguu 10,000.

Kosa la kwanza: tuliulaza. Watoto walipita wakaweka madaftari juu yake. Tulipousimamisha ukutani, hakuna aliyepita bila kusimama kando yake na kujipima. Sasa una alama za penseli kuanzia kiuno mpaka juu, na hakuna aliyefika kileleni, akiwemo mwalimu wa michezo.

Kosa la pili ni langu na ni la aibu. Kibao niliandika "mfupa wa paja". Mwanafunzi wa kidato cha pili akaninyooshea mkono: "Mwalimu, mbona umbo lake si la paja?" Kweli. Ni mfupa wa juu wa mguu wa mbele, ule ulio sawa na wako kati ya bega na kiwiko. Mnyama huyu alikuwa na miguu ya mbele mirefu kuliko ya nyuma, ndiyo maana mgongo wake unateremka kama wa twiga. Kibao kipya kinasema: shika bega lako, shika kiwiko chako, sasa tazama ukutani. Kimekuwa bora mara kumi kuliko kile cha makosa, na sikukibuni mimi.

Chini yake nimeongeza maneno machache. Mifupa yenyewe iko Berlin. Wajerumani walichimba Tendaguru kati ya mwaka 1909 na 1913, kazi ya machimbo ikasimamiwa na Boheti bin Amrani, na mizigo ikaletwa bandari ya Lindi kwa vichwa na mabega ya wapagazi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu. Mjusi aliyesimamishwa huko ana kimo cha meta 13.27. Wanafunzi wanauliza kwa nini mifupa hiyo haipo hapa. Hilo sijaliandikia kibao.

Jumamosi, 22 Februari. Moyo, jaribio la kwanza

Moyo wa mtu mzima aliyetulia unasukuma takriban lita tano kwa dakika: mapigo sabini hivi, mililita sabini hivi kila pigo. Nilitaka mtoto asukume lita tano kwa mkono wake mwenyewe, saa ya ukutani ikihesabu.

Pampu tuliipata gatini. Injini za boti zina ule mpira wa kubonyeza kwenye mrija wa mafuta, wa kuvutia petroli kabla ya kuwasha. Ndani yake mna vali mbili, moja ya kuingizia na moja ya kutolea, na mafuta hayarudi nyuma, sawasawa na vali za moyo. Nilinunua uliotumika kwa 8,000 nikajiona mjanja. Ndoo mbili za lita kumi na mrija vikaniondolea 21,000.

Ule mpira wa 8,000 ulinuka petroli. Tukauosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa ndimu. Siku tatu. Chumba kikanuka petroli yenye ndimu. Mpya ni 28,000, nunua mpya.

Halafu rangi. Nikasema damu lazima iwe nyekundu, nikatia rangi ya chakula. Kidato cha kwanza waliingia na mashati meupe. Mrija ulichomoka kwenye pigo la arobaini hivi, na nilichokiona sitakieleza. Wazazi wawili walikuja shuleni wakidhani watoto wao wameumia. Nimelipa mashati, 30,000.

Jumamosi, 1 Machi. Moyo, sasa unafanya kazi

Maji matupu, bila rangi. Klipu za chuma kila kiungo, zile za kukaza kwa bisibisi. Ndoo ya kupokelea ina mstari mweusi kwenye lita tano. Maji yanabadilishwa kila Jumatatu. Tulipoyaacha wiki mbili mrija ulianza kuota ukijani ndani.

Tumepima: kila kubonyeza kunatoa karibu mililita arobaini, kwa hiyo lita tano zinataka mara mia na ishirini na tano ndani ya dakika moja. Mikono inaanza kuuma kabla ya nusu dakika. Anayeongoza mpaka leo ni mama mpishi wa shule, aliyepita lita nne kidogo, na alisema ni unga wa chapati uliomfundisha. Baada ya hapo watoto hawahitaji mimi niwaambie moyo haupumziki. Wanasimama wanatikisa viganja, na nimeona zaidi ya mmoja akijishika kifuani.

Ule mpira mbovu tuliupasua katikati kwa msumeno tukaupigilia kwenye ubao, vali zikionekana. Basi hata ule wa 8,000 umepata kazi.

Ramadhani inaanza. Kazi itakuwa asubuhi tu, na Fundi ameshasema hashiki randa akiwa na kiu.

Jumamosi, 5 Aprili. Silikanti, mara ya pili

Eid imepita, tumerudi. Safari hii samaki ni wa plaiwudi, meta moja na nusu, ananing'inia darini kwa minyororo, na mapezi manne yanayocheza: mawili ya kifuani, mawili ya tumboni. Mapezi ya silikanti hayakushikana na mwili moja kwa moja kama ya samaki aina ya changu; yana shina la nyama na mfupa, kama mkono mfupi wenye kiganja cha pezi. Ndilo jambo tunalotaka lionekane.

Mtambo wa kwanza ulikuwa mpini mmoja wenye mishipi minne ya kuvulia. Ukizungusha, mapezi yote manne yanapanda pamoja na kushuka pamoja. Fundi akasema anafanana na kuku anayekung'uta vumbi. Na si kweli hata kidogo. Mwaka 1987 Hans Fricke na wenzake walishuka kwa nyambizi ndogo huko Komoro wakampiga picha za sinema akiwa hai kilindini, na mapezi yalionekana yakienda kwa mshazari: la kifuani la kushoto pamoja na la tumboni la kulia, kisha kinyume chake. Kama mjusi anavyotembea ukutani, ila yeye hatembei chini, anaelea.

Mshipi nao ulitusaliti. Nailoni inanyumbuka, unazungusha mpini mzima, pezi linasogea nusu. 4,000 majini.

Jumamosi, 19 Aprili. Baiskeli

Jibu lilikuwa limeegemezwa nje ya chumba siku zote. Mikono miwili ya pedeli za baiskeli imepishana nusu mzunguko: mmoja ukiwa juu, mwingine uko chini. Funga pezi la kifuani la kushoto na la tumboni la kulia kwenye mkono mmoja wa pedeli, mawili yaliyobaki kwenye mwingine, mshazari umejipanga wenyewe. Fundi baiskeli alituuzia kipande cha fremu kuukuu chenye pedeli, cheni, sahani ya mbele na habu ya nyuma kwa 35,000.

Badala ya mshipi tumetumia waya za breki pamoja na maganda yake, nne kwa 2,500 kila mmoja. Waya unavuta tu, hausukumi, kwa hiyo kila pezi linarudishwa na kipande cha mpira wa tyubu. Hapa nitie neno. Inasimuliwa kwamba Komoro, ambako huyu samaki anaitwa gombessa, magamba yake makavu yalitumika kukwangulia tyubu kabla ya kubandika kiraka. Fundi baiskeli alipolisikia hilo aliuliza gamba moja bei gani.

Jumamosi, 3 Mei. Feni

Tulimjaribu kwa darasa moja. Walimgeuza feni. Mtoto anazungusha mpini kadiri ya nguvu zake, na samaki ambaye sifa yake ni utulivu akawa anapiga makasia kama mashindano ya ngalawa. Dakika ya kumi na moja mpini ukakatika.

Tumeugeuza mtambo. Sasa mpini uko kwenye habu yenye meno 18, na cheni inapeleka kwenye sahani ya meno 44 iliyoshika pedeli. Mtoto anazungusha mara mbili na nusu hivi ili mapezi yamalize mzunguko mmoja. Hata akienda mbio, silikanti anabaki na heshima yake.

Asubuhi yote tulipoteza kwa sababu ya friwili, ile gia ya nyuma inayoshika upande mmoja tu. Ukiifunga kama ilivyo kwenye baiskeli, mpini ukizungushwa mbele unalia ti-ti-ti na samaki hatikisiki, maana friwili imeundwa ivutwe na cheni, si ivute cheni. Igeuze upande. Ukishaigeuza, kasoro hiyo inageuka kinga: anayezungusha kinyume anasikia mlio tu, hakuna kinachovunjika. Kabla ya hapo nilikuwa napanga kununua kizuizi cha chuma.

Mpini mpya ni wa bomba la inchi, umeunganishwa kwa welding, mfupi ili mtu asipate nguvu nyingi. Kama utaiga kitu kimoja tu kutoka hapa, iga mpini mfupi.

Jumamosi, 10 Mei. Mbu, na lawama za mlinzi

Huku masika yakinyesha tuliianza meza isiyo na gharama kubwa. Mitungi minne ya kioo, 12,000, na lupu moja, kioo cha kukuzia cha fundi saa, 15,000. Maji ya ndoo iliyoachwa kivulini karibu na bomba yalitupa viluwiluwi vya mbu aina ya Culex, vinavyoning'inia kichwa chini huku mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji. Vya Anopheles, mbu wa malaria, tulivipata kwenye vidimbwi vya jua vya nyayo za ng'ombe. Havina mrija huo, vinalala bapa sambamba na uso wa maji. Mtoto akishaona mitungi miwili pamoja hahitaji kukariri.

Ila kazi ya mkono ni hii: pitisha kiganja kati ya mtungi na dirisha. Kivuli kikigusa maji, vyote vinapiga mbizi kwa mkupuo. Subiri, vinapanda. Sikujenga chochote, na ndiyo meza inayopigiwa kelele kuliko zote.

Mapungufu mawili. Moja: mwisho wa wiki ya Mei Mosi chumba kilifungwa siku nne, na mipira ya manati iliyoshika vipande vya chandarua kwenye midomo ya mitungi ikakatika. Viluwiluwi havikujua kwamba ni sikukuu. Mlinzi anayelala barazani alinisubiri getini Jumatatu. "Mwalimu, shikamoo. Mimi nalipwa kulinda, silipwi kuliwa." Nimemwomba radhi. Sasa mitungi ina vifuniko vya kukaza, vimetobolewa na kubandikwa wavu kwa gundi. Tunakusanya Jumatatu, tunamwaga Alhamisi juu ya mchanga mkavu penye jua, na pupa yeyote, kale kenye umbo la koma, anatolewa siku ile ile anapoonekana. Maana akishakuwa pupa, zinabaki kama siku mbili tu aruke. Usifanye meza hii bila mtu mmoja aliyekabidhiwa Alhamisi.

Mbili: darasa linaloingia la kwanza linashangilia, linaloingia la tatu linalalamika kwamba "vimekufa". Havijafa. Vimezoea. Kivuli kikipita mara nyingi bila madhara, viluwiluwi vinaacha kukijali. Nilihangaika siku mbili nikibadilisha maji, nikilaumu joto, mpaka nikatambua kwamba ninatazama mada nyingine kabisa ya mtaala. Tumefanya hivi: mitungi miwili inafunikwa kwa kitambaa ikipumzika, miwili inafanya kazi, wanapishana. Na darasa linaloingia la tatu sasa linapewa kwa makusudi ule uliochoka na ule uliopumzika, wapitishe mkono kote kuwili, waseme wenyewe tofauti inatoka wapi.

Jumamosi, 24 Mei. Plaiwudi imevimba

Mvua za mwezi mzima. Matundu ya bawaba za mapezi yamebana, mpini unazunguka kama umetiwa gundi. Fundi alitaka kuyapanua kwa keekee. Nikamkataza, kiangazi yatalegea. Tumetia bushi za bomba la plastiki, 8,000, na kupaka vanishi kingo zote za plaiwudi, jambo ambalo tungelifanya kabla ya kupaka rangi na si baada.

Tukiwa hapo tukarekebisha madoa. Silikanti ni wa buluu iliyoiva yenye madoa meupe, na madoa ya mmoja si ya mwingine. Watafiti huwatambua mmoja mmoja kwayo. Fundi alikuwa ametumia kigezo kimoja cha karatasi pande zote mbili, zikafanana kama kanga na pacha wake. Sasa kila upande una yake, na ukutani kuna picha sita za madoa: mtoto atafute ni ipi ya huyu.

Jumamosi, 31 Mei. Watu wameingia

Tulifungua mlango saa tatu, tukafunga saa nane. Kilichovunjika: waya mmoja wa breki na lupu. Tuliutengeneza ule waya hapo hapo, watoto wakiwa wametuzunguka, na umati ulikuwa mkubwa kuliko wa meza yoyote. Nimekumbuka kwamba Exploratorium, makumbusho ya sayansi huko San Francisco yaliyofunguliwa mwaka 1969, iliweka karakana yake mahali wageni wanapoiona. Kuanzia leo meza ya spana haifichwi.

Kibao kimoja nimekishusha. Niliandika "kisukuku hai", na wanafunzi wakaondoka wakisema huyu ndiye babu yetu na kwamba hajabadilika tangu enzi za mijusi. Yote mawili si sahihi. Kwamba ukoo wake ulidhaniwa umetoweka miaka milioni 66 iliyopita, mpaka Marjorie Courtenay-Latimer alipomkuta kwenye samaki wa meli ya uvuvi huko Afrika Kusini mwaka 1938, hakumfanyi awe amesimama. Amekuwa akiishi na kubadilika kama sisi. Na jenomu yake (ramani ya vinasaba vyake vyote) iliyochapishwa mwaka 2013 ilionyesha kuwa kamongo, yule wa Ziwa Viktoria anayejizika kwenye tope, ndiye wa karibu zaidi na wanyama wa miguu minne. Silikanti ni binamu wa mbali kidogo. Kibao kipya kinasema binamu, na kila mtu anaelewa binamu ni nini.

Mchana aliingia mzee mmoja mvuvi, akavua kofia, akamtazama samaki muda mrefu. Shikamoo, marahaba. Akazungusha mpini taratibu, mara tatu. Akasema mkia tumeupatia, na kale kapezi kadogo katikati ya mkia tumekaweka, vizuri, lakini kichwa kidogo, na mdomo hauko hivyo. Akipandishwa, kichwa kinafunguka kwa juu pia. Fundi akanitazama. Mzee yuko sahihi: fuvu la silikanti lina kiungo katikati, sehemu ya mbele inainuka anapofungua mdomo, na hakuna mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo aliye hai leo mwenye kiungo hicho. Nilikuwa nalijua hilo kitabuni. Nilimwuliza kama aliwahi kumla. Akacheka: "Mafuta tupu, mwanangu. Utashinda chooni."

Jumamosi, 14 Juni. Hesabu, na kichwa

Shule imefungwa. Plaiwudi mbili za samaki 76,000 na rangi yake 24,000 sikuwa nimeziandika. Kwa hiyo: kitufe 85,000, mfupa 60,000, moyo pamoja na mashati 87,000, mbu 27,000, silikanti 157,000, Fundi 180,000. Jumla 596,000. Ndani yake, kitufe, mpira wa petroli, mishipi na mashati ni 127,000 ambazo wewe huna haja ya kuzitoa. Chandarua, gundi, vanishi na welding ya mpini havimo. Vilitoka kwenye masalio ya karakana ya Fundi.

Kichwa kimekatwa jana. Kipya ni kikubwa zaidi kwa sentimeta saba, vipande viwili vyenye bawaba ya mlango wa kabati katikati. Waya wa tano utatoka kwenye mkono wa pedeli wa kushoto, ila hautakuwa unafungua mdomo kila mzunguko, tunatafuta namna ya kuufanya kila mzunguko wa nne. Fundi anasema ni lazima tupate sahani nyingine ya meno. Mzee ameahidi kurudi Jumamosi kumkagua.